Dawa Mbili za Wakwe wa Bi. Zuhura

Vijana wangu wa dukani,

Mmenisumbua niandike. Nikawaambia mie shule yangu iliishia la saba, na mwandiko wangu hata mke wangu anausoma kwa kukisia. Mkasema hivyo hivyo. Basi makosa yakiwemo tugawane: nusu yangu niliyeandika, nusu yenu mlioomba. Habari za mshahara na za kupandishwa cheo nimeziacha, maana hazijawahi kumsaidia mtu kufungua mashine.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na taipureta, kwa Fundi Mponda, Mmakonde wa Newala, aliyekuwa na kibanda chake Temeke. Baba yake alikuwa mchonga vinyago. Yeye kuchonga kulimshinda, au alikushinda yeye, hadithi ilibadilika kufuatana na siku. Lakini brashi ya baba yake ya kupangusia vumbi la mpingo alikuja nayo mjini, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingia kwenye kila mashine. Siku yangu ya kwanza aliniwekea taipureta nzima mezani, isiyo na tatizo lolote, akaniambia niitazame.

"Nifanye nini, fundi?"

"Itazame."

"Halafu?"

"Halafu uendelee kuitazama. Usipomjua mtu akiwa mzima, utajuaje kaugua wapi?"

Nikaitazama mpaka mama ntilie alipoleta wali. Niliona nimepotezewa siku. Bado sijui kama alikuwa ananifundisha au alikuwa hajapata kazi ya kunipa. Yote mawili yanawezekana, na yeye hakuwa mtu wa kueleza.

Mambo yalipofunguliwa, maduka yakajaa vitu, na pamoja na friji na redio kaseti zikaja kompyuta zilizokwisha tumika Ulaya. Ofisi zikaanza kutupa taipureta. Fundi Mponda akanunua kompyuta moja mbovu tuifanyie mazoezi. Akaifungua, akaingiza kichwa, akapekua kila pembe. Kisha akasema, "Hee! Humu hamna hata springi moja. Sasa sie tutakula nini?" Lakini alikaa nayo, akaitazama kama alivyonitazamisha mie, na baada ya miezi tukawa tumewazidi wateja kidogo. Hicho kidogo ndicho tulichokula.

Nyie leo virusi vinawajia kwenye mtandao. Sie vilitujia mfukoni mwa shati. Vilikaa kwenye flopi, zile diski ndogo bapa za kubebea mafaili, na watu wa Temeke waliazimana flopi kama wanavyoazimana pasi. Leo iko kwa jirani, kesho iko kwa shemeji, keshokutwa imerudi na wageni. Na neno lenyewe lilikuwa zito. Wakati ule ukisema virusi, watu walijua ugonjwa mmoja tu, nao haukutajwa sebuleni. Niliwahi kumwambia baba mmoja wa Chang'ombe kwamba mashine yake ina virusi, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama watoto waliokuwa wakiigusa wapelekwe hospitali. Tangu siku hiyo nikawa nasema "mashine ina homa", na programu ya kuzuia nikaiita dawa.

Ninalotaka kuwaeleza hasa ni habari ya dawa hizo, maana bado naona mnamuuzia mteja yenye boksi zuri. Nitaeleza kwa mkasa mmoja, wa Bi. Zuhura.

Bi. Zuhura alikaa Mtoni. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa, mtunzi wa nyimbo za mipasho kwa kikundi kimoja cha taarab cha Temeke. Kompyuta aliletewa na mdogo wake baharia. Nyimbo zake zote alizichapa humo na humo tu. Hakuziweka kwenye karatasi, kwa kuwa zamani karatasi yake iliwahi kutembea usiku mmoja, na kikundi cha Kinondoni kikaimba beti zake kabla yake, mbele yake, naye kakaa kiti cha mbele. Hakuziweka kwenye flopi pia, kwa kuwa flopi, alisema, ni karatasi yenye ganda.

Zilikuwa zimebaki siku chache Idi ifike, na mashine ikagoma kuwaka. Nyimbo za Idi Pili zote zilikuwa ndani. Fundi Mponda alikuwa na mgonjwa nyumbani, akanituma mie.

"Nenda. Lakini huyo mama ukibishana naye, bishana taratibu. Anatunga."

Nikabisha hodi, nikasalimu.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba. Fundi ndo wewe? Mbona mwembamba hivyo, hizo mashine hazilipi?" Akanikaribisha soda. "Unakaa wapi, baba?"

"Tandika."

"Na mkeo kwao wapi?"

Nilidhani ni mazungumzo. "Mwananyamala."

Akaiweka chupa mezani. "Mwananyamala ya Kinondoni?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Taarab anaendaga?"

Ningeweza kusema mara moja moja. Lakini sikuona kwa nini nimpunguzie mke wangu sifa zake. "Anaenda, bi mkubwa. Kikundi cha kwao hakikosi."

"Basi kazi utaifanya umeipa skrini mgongo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha.

Kwanza nilitaka historia ya ugonjwa, nayo ilikuwa hivi. Bi. Zuhura alikuwa na wakwe wawili. Hamisi, mume wa binti mkubwa, alikaa Kinondoni na kufanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Rajabu, mume wa mdogo, alikuwa askari magereza kule Ukonga. Hamisi alisikia habari za virusi ofisini, akamletea mama mkwe dawa kwenye flopi. Rajabu akasikia Hamisi kapeleka dawa, akapeleka ya kwake.

"Ukaweka ipi?" nikauliza.

"Zote."

"Zote mbili, bi mkubwa?"

"Sasa nimrudishie nani? Zawadi ya mkwe hairudishwi, hata akileta jiwe utalipikia. Na kila Jumapili wanakuja, kila mmoja anasimama hapo mashine ikiwaka, anangoja jina la dawa yake litokee. Hamisi akanuna wiki nzima kwa nini ya Rajabu inatokea kwanza."

Hapa, vijana, tulieni kidogo. Dawa ya virusi ni kama polisi anayetembea na picha za wezi anaowatafuta. Ndani yake imebeba alama za kila kirusi inachokijua. Ukiweka polisi wa pili ndani ya nyumba, ataona zile picha mfukoni mwa mwenzake na kumkamata yeye. Ndicho kilichotokea Mtoni. Kila asubuhi dawa ya Hamisi iliishitaki dawa ya Rajabu, na ya Rajabu ikaifungia ya Hamisi. Mama wa watu akazoea makelele. Homa ya kweli ilipoingia na mashine ikapiga kelele za kweli, alidhani ni wakwe wanagombana kama kawaida, akabonyeza kitufe chochote akaendelea kutunga.

Nataka niwatendee haki wote wawili. Dawa ya Hamisi haikuwa mbaya. Ilikuwa na adabu ya mtu wa ofisi, kila jambo iliomba ruhusa. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa ya zamani, iliwajua wezi wa zamani tu, na ilimwuliza maswali ya Kizungu mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kuyajibu. Ya Rajabu nayo haikuwa mbaya. Ilikuwa mpya na kali, lakini ilikamata kila mpita njia, na ilikula nusu ya nguvu ya mashine ile ndogo. Kila moja peke yake ingeweza kufaa, kwenye nyumba nyingine.

Nikaanza kazi. Bi. Zuhura aliivuta kibodi mpaka waya ukaisha, akaniwekea mapajani, akanigeuzia kiti nikatazamana na kabati la vyombo. Yeye akakaa mbele ya skrini. Maana dawa inapokagua hupitisha majina ya mafaili, na majina ya mafaili yalikuwa majina ya nyimbo, na jina la mpasho ni nusu ya mpasho.

Nilikuwa na flopi yangu safi ya kuwashia, nimeifunga. Mnazikumbuka zile, pembeni kuna kidude, ukikisukuma mpaka tundu likapitisha mwanga, hakuna kinachoweza kuandikwa ndani yake. Nikampa aichomeke.

"Kwa nini tusiwashe tu kama siku zote?"

"Ukiwasha kama siku zote, mwizi ndiye anayekufungulia mlango. Hii ni kuingia kwa dirishani wakati yeye kalala."

"Haya. Imewaka. Imeandika maneno."

"Maneno gani?"

Akayasoma. Kizungu chake kilikuwa kinazidi changu kidogo, wallahi, kwa hiyo hapo tulikwenda vizuri. Nikachapa amri kwa kuhesabu vidole, macho kwenye vikombe vya maua.

"Inapitisha nyimbo zangu. Moja moja. Usigeuke!"

"Sijageuka, bi mkubwa."

"Shingo imegeuka."

"Shingo ilikuwa inawasha."

"Ikune ikitazama huko huko."

Ikakagua. Ile mashine ilikuwa ya polepole, nami nikayajua maua ya vile vikombe kuliko aliyeyachora. Nje muuza mafuta ya taa alipita akigonga debe. Ghafla Bi. Zuhura akaniita.

"Imesimama. Mstari mwekundu."

"Nisomee herufi kama zilivyo, usiruke."

Akazisoma. Nikalitambua lile jina. Lilikuwa la virusi vinavyojificha mahali pa kuanzia diski, pale mashine inapotazama kwanza ikiwaka. Nikamwambia ni vibaya, lakini mara nyingi havigusi vilivyomo ndani. Nilisema mara nyingi. Sikusema daima, na yeye alilisikia hilo.

"Nyimbo zangu zimo au hazimo?"

"Bado sijui."

"Idi hii hapa, fundi."

"Najua. Ya nyimbo bado sijui."

Nikachapa amri ya kusafisha. Kabati lile lilikuwa na kioo, nikajiona uso. Nilijiuliza Fundi Mponda angefanyaje. Angetazama, na mie ndicho nilichokatazwa. Bi. Zuhura akaniambia imesema imemaliza. Nikamwelekeza azime, atoe flopi, awashe kama siku zote. Mashine ikaguna, ikapiga mlio, ikawaka.

"Sasa fungua mmoja usome," nikasema. "Kimya kimya."

Nikasikia vitufe. Kisha nyuma yangu nikasikia mtu anacheka peke yake, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyekutana na ubaya wake mwenyewe na kuupenda. Hapo nikajua nyimbo ziko salama. Nikanywa ile soda, ilikuwa imeshakuwa ya moto.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikaomba flopi mbili za wakwe nizikague nazo. Ya Hamisi, ina homa. Ya Rajabu, ina homa. Nikamwambia.

Bi. Zuhura akazima skrini, akaniruhusu kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu anigeuzie kiti. Uso ulikuwa mtulivu mno.

"Nani aliyeniletea?"

"Zote mbili zina—"

"Nimesikia zote mbili. Aliyeanza nani? Wimbo nimeshautunga, fundi. Beti nne. Umebaki mahali pamoja pa kutia Ukonga au Kinondoni. Idi Pili unaimbwa, ukumbi mzima utajua ni nani, na mwenyewe atakuwa kakaa hapo hapo na mke wake."

Mke wake, yaani binti yake. Nikaiona hali ilivyo. Mkwe anayepashwa na mama mkwe mbele ya Temeke nzima, Jumapili inayofuata harudi. Tena hasusi peke yake: anamzuia na mke, au anamrudisha kwao akaendelee na taarab. Na wote walikuwa wananingoja mie, mtu wa la saba, niseme neno moja.

Nikafikiri sana, na sio kwa kutafuta hekima. Nilikuwa natafuta jibu lenyewe. Flopi isiyofungwa ikiingia kwenye mashine yenye homa, nayo inaambukizwa pale pale. Zote mbili zilikuwa wazi. Huenda Hamisi aliileta, ikampata Rajabu. Huenda Rajabu. Na palikuwa na flopi ya mchezo wa karata ya wajukuu, nayo nikaikagua, nayo ina homa.

"Bi mkubwa, siwezi kujua."

"Kisia."

"Nikikisia nitakuwa nimemtungia mtu kosa."

"Kutunga ni kazi yangu, wewe nipe jina tu."

"Sina."

"Huna, au hutaki?"

"Sina, bi mkubwa. Ningekuwa nalo sijui ningefanya nini. Lakini sina."

Akanitazama. Nikatazama kucha zangu, maana sikuwa na kabati tena. Nikaanza kumpa nasaha: achague dawa moja, moja tu, asiangalie nani kaileta. Aangalie kama mashine yake inaweza kuibeba, kama atapata flopi mpya za kuiongezea majina ya wezi wapya, na kama yeye mwenyewe anaweza kuelewa inapomuuliza jambo. Nikamwambia mjini ipo ya kawaida, nyepesi, ambayo duka linakuletea flopi mpya kila baada ya muda. Aitoe ya Hamisi na ya Rajabu siku moja, saa moja, wakiona wote, awaambie mashine ni ndogo. Na nyimbo azinakili kwenye flopi moja iliyofungwa, aitie ndani ya mto anaolalia akitaka.

"Fundi," akasema, "mie nimekuuliza jina, wewe unanisomea hotuba."

Lakini alifanya. Jumapili nikaenda kuiweka ile ya dukani. Hamisi na Rajabu walikuwepo, wamekaa kochi moja. Nikaeleza kwamba dawa zao zote zilikuwa nzuri ila zilizidi uwezo wa mashine. Hamisi akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Rajabu akamtazama Hamisi, Hamisi akamtazama Rajabu, na kila mmoja akaona mwenzake hakushinda. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa kukataliwa. Bi. Zuhura alikuwa mlangoni na sinia la vitumbua, ananitazama mie, si wao. Sikuupenda ule mtazamo.

Idi Pili mke wangu akasema twende. Nikamkumbusha kikundi ni cha Temeke. Akasema anataka kusikia wale wenye kubahatisha wanavyobahatisha. Ukumbi ulijaa, udi na marashi mpaka macho yanauma. Wakwe walikuwa meza ya mbele na wake zao. Wimbo wa tatu, mwimbaji akasogea mbele, kinanda kikapungua, nami nikashika kiti.

*Nimemwita mtabibu, kaja na mkoba wake,*
*Namuuliza sababu, atazama kucha zake,*
*Kila nikitaka jibu, anipa nasaha zake,*
*Mganga mwenye aibu, nani atapona kwake?*

Ukumbi ukalipuka. Akina mama wakainuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji. Hamisi na Rajabu wakainuka pamoja, wanapeana mikono, kila mmoja akicheka kama mtu aliyeona gari limempita karibu na halikumgusa. Binti wawili wa Bi. Zuhura walikuwa wameegemeana kwa kicheko. Ubeti wa pili ulieleza habari za shingo inayowasha. Sitauandika.

Mke wangu akanigeukia taratibu.

"Baba nanii, huyu mtabibu si wewe?"

"Sina hakika," nikasema.

Akanitazama kidogo, kisha akafungua pochi, akatoa noti.

"Ndiye wewe," akasema, na akaenda mbele kumtunza mwimbaji wa Temeke.